Nukta za Kurejesha Mfumo na Nakala za Akiba katika Kompyuta ya Msomi

Utangulizi

Kazi nyingi za mtaalamu wa lugha za Kiafrika siku hizi zimo ndani ya kompyuta moja iliyo mezani kwake nyumbani. Katika miaka ya 1970, mtafiti aliyekwenda Lamu, Pate au Vanga kukusanya tenzi na simulizi alirudi na madaftari na kanda za kaseti, akavitia kabatini. Mchwa walipoingia kabatini, au paa lilipovuja, aliiona hasara kwa macho yake, na aghalabu aliwahi kuokoa sehemu. Leo rekodi za sauti, picha za miswada ya hati za Kiarabu, vidahizo vya kamusi isiyochapishwa, sura za tasnifu na alama za mitihani ya wanafunzi vyote hukaa katika diski isiyozidi ukubwa wa kiganja. Diski hiyo ikiharibika, huharibika pamoja na vyote vilivyomo, pengine bila ya dalili yoyote iliyotangulia.

Makala haya yanakusudia kueleza hifadhi za aina mbili ambazo watumiaji wengi wa kompyuta huzichanganya. Ya kwanza ni nukta za kurejesha mfumo, ambazo kompyuta yenyewe huziweka ikiwa imeruhusiwa kufanya hivyo. Ya pili ni nakala za akiba, ambazo mwenye kompyuta hana budi kuziandalia utaratibu wake mwenyewe. Mifano mingi imechukuliwa kutoka mfumo wa Windows kwa kuwa umeenea sana katika nyumba na ofisi za wasomi. Wenye kompyuta za Apple watatajiwa yao kwa ufupi. Kosa la kuzichanganya hifadhi hizi si dogo. Msomi huambiwa na kijana wa duka la kompyuta kwamba kompyuta yake ina nukta ya kurejesha, naye akatulia moyo. Kisha diski ikafa, ndipo akagundua kwamba nukta ile nayo ilikuwa ndani ya diski ile ile.

Suala la istilahi

Hapana shaka kwamba utata huu umechangiwa na lugha. Kitenzi kurejesha kinatumika kwa mambo mawili yaliyo mbali sana: kuurejesha mfumo wa kompyuta katika hali yake ya juzi, na kulirejesha faili lililopotea. Katika jambo la kwanza kinachorejeshwa ni hali. Katika la pili kinachorejeshwa ni mali. Mtu asiyetambulishwa tofauti hiyo hudhani kwamba mwenye uwezo wa jambo la kwanza anao na wa jambo la pili. Neno nukta nalo laweza kupotosha. Nukta inayosemwa hapa ni ya wakati, si ya mahali. Si ghala ambamo kitu kimewekwa, bali ni alama katika mwendo wa siku za kompyuta ambayo mfumo unaweza kurudishwa hapo.

Kwa upande wa pili kuna maneno kadhaa yanayoshindana. Nakala rudufu limeenea katika simu na programu zilizotafsiriwa. Wengine wamependelea chelezo, ambalo katika Kiswahili cha mabaharia ni kitu kieleacho juu ya maji kama boya, na pia ni mahali chombo kinapopandishwa kitengenezwe. Chelezo ni neno zuri kwa kuwa chombo kikizama, kilichoelea ndicho kishikwacho. Hata hivyo boya huwa limefungwa hapo hapo penye chombo, na ubora wa nakala inayozungumziwa ni kwamba haikufungwa nacho. Rudufu nalo lina upungufu wake: barua iliyonakiliwa na kutiwa katika mtoto ule ule wa meza penye barua ya asili nayo ni nakala rudufu, lakini nyumba ikiungua zitaungua zote mbili. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia nakala ya akiba. Kila mkulima anajua kwamba akiba ni kile kilichotengwa kando na kinacholiwa, na kwamba mtama uliomo chunguni hauitwi akiba hata ukiwa mwingi namna gani. Wazo hili la kutenga kando ndilo kiini cha jambo zima, na neno lisilolibeba litaendelea kuwapotosha watu.

Namna nukta inavyofanya kazi

Uwezo wa kuurejesha mfumo ulianza kuonekana katika Windows Me mwaka 2000, ukaendelea katika Windows XP mwaka 2001. Katika XP nukta zilizopita siku 90 zilifutwa, na nafasi iliyotengewa nukta haikuzidi sehemu 12 katika 100 za diski. Tangu Windows Vista, iliyofika madukani mwaka 2007, nukta zimejengwa juu ya utaratibu unaoitwa nakala za kivuli, na ni utaratibu huu unaofaa kueleweka barabara, kwa sababu ukieleweka, mengine yote yanajieleza.

Diski imegawanywa katika vipande vidogo vidogo vingi. Nukta inapowekwa, hakuna kinachonakiliwa saa ile. Kompyuta huandika tu kwamba kuanzia sasa kivuli kimewekwa. Baada ya hapo, kila mara kipande fulani kinapotaka kuandikwa upya, yale yaliyokuwamo hunakiliwa kwanza katika ghala lililofichwa, kisha ndipo mapya yakaandikwa. Mfano wake ni mnakili wa mswada ambaye, kabla ya kufuta mshororo wowote, huuandika kwanza mshororo ule wa zamani katika kijikaratasi, akatia na nambari ya ukurasa. Akitaka kujua mswada ulikuwaje mwezi uliopita, atachukua kurasa zisizoguswa kama zilivyo, na palipoguswa atasoma vijikaratasi. Ni njia ya werevu na haili nafasi kubwa. Lakini vijikaratasi peke yake si kitabu. Mswada ukiungua, mtu aliyebaki na bahasha ya vijikaratasi hana tenzi. Ana mishororo michache iliyofutwa, isiyo na mwanzo wala mwisho. Vivyo hivyo vivuli vya kompyuta: vinategemea diski nzima iliyo hai, na vimo ndani yake, katika folda iliyofichwa iitwayo System Volume Information.

La pili la kufahamika ni mipaka ya kinachorejeshwa. Mtu anapourejesha mfumo, yanayorudishwa nyuma ni mafaili ya mfumo, sajili ya mipangilio yake, programu zilizowekwa, na programu endeshi za vifaa kama vile mashine ya kupigia chapa au kadi ya sauti. Hati za mwenye kompyuta, picha zake na rekodi zake haziguswi. Huu ni wema na ni upungufu kwa pamoja. Ni wema kwa kuwa msomi anaweza kuurudisha mfumo wiki mbili nyuma bila ya kupoteza sura aliyoiandika jana. Ni upungufu kwa kuwa sura aliyoifuta jana kwa bahati mbaya haitarudi kwa njia hiyo. Huenda imani kwamba nukta huokoa hati ilitokana na Vista na Windows 7, ambamo vivuli hivyo hivyo viliweza kutumiwa kuchungulia sura ya zamani ya faili moja moja. Hiyo ilikuwa neema ya ziada, tena ya muda, kwa sababu kivuli cha zamani hufutwa pindi ghala linapojaa.

Kwa hiyo nukta ina kazi yake maalumu, nayo ni kumlinda mtu na matokeo ya mabadiliko ya mfumo. Mtaalamu wa lugha ana mabadiliko mengi ya namna hiyo kuliko jirani yake mwenye duka. Leo anaweka kibodi ya Keyman ili aandike hati za Kiarabu kwa Kiswahili. Kesho anaweka toleo jipya la Praat au ELAN. Keshokutwa programu endeshi ya kinasasauti alichoazimwa na idara. Mojawapo ya haya likigombana na mfumo, kompyuta huanza kujizima au kukataa kuwaka, na hapo nukta iliyowekwa asubuhi ya siku ile huokoa siku mbili tatu za kazi.

Tatizo ni kwamba katika kompyuta nyingi ulinzi huu haujawashwa. Hali hii ilienea sana kuanzia Windows 10, iliyotoka mwaka 2015 na ambayo huduma yake ya kawaida ya marekebisho ya usalama ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kuhakikisha ni jambo la dakika moja. Mtu huandika SystemPropertiesProtection katika kisanduku cha kutafutia, na dirisha linalofunguka humwonyesha kama ulinzi wa diski ya mfumo umewashwa au la. Hapo hapo ataweza kuuwasha, kutenga nafasi ya kuhifadhia nukta, na kuweka nukta mpya kwa mkono wake. Nafasi ya sehemu tano hadi kumi katika 100 hutosha katika diski ya kawaida. Ikiwa ndogo mno, nukta ya juzi hufukuzwa na ya leo. Jina la nukta liwe na maana. "Kabla ya kibodi ya Kiarabu" ni jina litakalomsaidia mtu mwezi ujao. "Nukta mpya" halitamsaidia. Tarehe haina haja ya kuandikwa, maana kompyuta huitia yenyewe. Kompyuta pia hujiwekea nukta pasipo kuombwa, hasa kabla ya kupokea marekebisho au programu endeshi, lakini si kila programu inayowekwa huiamsha kufanya hivyo.

Aidha, nukta hazikai milele. Katika toleo la 24H2 la Windows 11, tangu marekebisho ya usalama ya Juni 2025, nukta huhifadhiwa kwa muda usiozidi siku 60. Mhadhiri anayeweka nukta mwanzoni mwa mwaka wa masomo akitarajia kuikuta mwishoni anajidanganya.

Wakati wa kurejesha ukifika, programu inayohusika huitwa kwa kuandika rstrui. Itaorodhesha nukta zilizopo, na kabla ya kuendelea kuna kitufe kinachoonyesha programu zitakazoondoka na zile zitakazorudi. Kitufe hiki hupuuzwa na wengi, ilhali ndicho kinachompa mtu habari muhimu kuliko zote. Ikiwa programu ya kuandikia kamusi iliwekwa baada ya nukta ile, itaondoka. Kamusi yenyewe itabaki, lakini hakutakuwa na cha kuifungulia mpaka programu iwekwe tena. Kazi ya kurejesha ikishaanza isikatizwe. Katika mitaa ambayo umeme hukatika mara kwa mara, kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba isirejeshwe jioni ya mvua, na ya mapajani ichomekwe na iwe imejaa chaji. Kwa kawaida kompyuta huweka nukta nyingine kabla ya kurejesha, ili mtu aweze kutangua alichokifanya. Lakini aliyerejesha kupitia hali salama katika Windows 7 hakuwa na njia ya kutangua.

Adui mmoja wa nukta apewe nafasi ya peke yake. Kuna programu hasidi ambazo huyasimba mafaili ya mtu yasisomeke, kisha zikadai kikombozi. Watungaji wake wanajua kwamba vivuli vyaweza kumwokoa mwathiriwa, na kwa hiyo huvifuta. WannaCry, iliyoanza kuenea duniani tarehe 12 Mei 2017 na kukwamisha hospitali nyingi za Uingereza, iliita amri ya Windows yenyewe, vssadmin, kuvifutilia mbali vivuli vyote. Hakuhitajika mwizi wa kuvunja mlango. Ufunguo ulikuwa umening'inia ukutani.

Nakala za akiba

Nakala ya akiba ni nakala kamili, inayojitegemea, iliyo katika chombo kingine. Sifa hizi tatu haziachani. Nakala iliyo katika folda nyingine ya diski ile ile si ya akiba. Wala si ya akiba ile iliyo katika kipande cha pili cha diski ile ile, hata kama kompyuta inakiita kwa herufi D na mtu akadhani ni diski ya pili.

Kanuni inayotajwa mara nyingi ni ile iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu kuhifadhi picha: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mahali pengine. Inafaa kuchukuliwa kama kipimo cha chini. Msomi mwenye kazi yake kwenye kompyuta, nakala ya pili kwenye diski ya nje nyumbani, na ya tatu katika hifadhi ya mtandaoni au diski iliyo ofisini, ameitimiza. Anayechukua kompyuta na diski ya nje katika mkoba mmoja kila asubuhi hajaitimiza, hata akiwa na nakala kumi; huyo amemrahisishia mwizi kazi.

Mara nyingine watu huogopa ukubwa wa data zao. Hesabu yenyewe haitishi. Saa moja ya rekodi ya njia mbili, yenye sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24 kwa kila sampuli, huchukua baiti 288,000 kila sekunde, yaani gigabaiti moja na kidogo. Mtafiti mwenye saa 200 za mahojiano ana gigabaiti zipatazo 207. Diski ya nje ya terabaiti moja itazibeba zote, na nafasi kubwa itabaki. Maandishi ni mepesi zaidi: kamusi nzima ya lugha moja, bila ya picha wala sauti, yaweza kuingia katika flashi ndogo kabisa. Flashi hata hivyo ni chombo cha kusafirishia, si cha kuhifadhia. Hupotea, huvunjika, na huzunguka katika kompyuta za watu wengi ikiokota kila uchafu.

Jambo linalowaangusha hata waangalifu ni kutojua kazi yao imo wapi. Wengi hunakili folda ya hati wakaamini wamenakili kila kitu. FLEx, programu ya SIL inayotumiwa sana na watunzi wa kamusi na wachambuzi wa mofolojia, kwa kawaida haihifadhi miradi yake katika folda ya hati. Huihifadhi katika C:\ProgramData\SIL\FieldWorks\Projects, na ProgramData ni folda ambayo Windows huificha isionekane. Mtunzi wa kamusi anaweza kunakili folda yake ya hati kila Ijumaa kwa miaka minne, na siku diski ikifa akakuta kwamba hana hata kidahizo kimoja. Dawa ni kutumia amri ya FLEx yenyewe ya kutengeneza nakala ya mradi; nakala hiyo huwekwa ndani ya folda ya hati, na kutoka hapo itasafiri pamoja na vingine. Zotero nayo huweka marejeleo na makala zilizokusanywa katika folda yenye jina lake ndani ya folda ya mtumiaji, nje ya folda ya hati. Faida kubwa ya zoezi zima la akiba huenda ni hii: mtu hulazimika kukaa na kalamu na karatasi akaandika kila programu anayoitumia, na mahali kazi ya programu ile inapolala.

Kuna vyombo vya kuifanya kazi hii pasipo mtu kuikumbuka. Windows 8, ya mwaka 2012, ilileta utaratibu wa historia ya mafaili, ambao hunakili folda za kawaida za mtumiaji kwenye diski ya nje kila saa na kuhifadhi sura za zamani za kila faili. Hauzigusi folda kama ProgramData zisipoongezwa. Kompyuta za Apple zina Time Machine tangu mwaka 2007. Huhifadhi nakala za kila saa kwa siku nzima iliyopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi ya nyuma yake, mpaka diski ijae. Mpango huu wa Apple una busara ambayo hata mwenye kunakili kwa mkono anaweza kuiiga, kwa kuwa kosa halivumbuliwi siku ile ile. Sura iliyofutwa Machi yaweza kutafutwa Septemba, na nakala moja tu inayoandikwa juu ya nyingine kila wiki itakuwa imeshalinakili kosa hilo mara ishirini na zaidi.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya wale wanaotegemea hifadhi ya mtandaoni peke yake. Google Drive, OneDrive na nyinginezo kwa asili yake ni za kulinganisha, si za kuweka akiba. Kinachofanyika hapa hufanyika kule. Faili likifutwa nyumbani, hufutwa na mtandaoni. Likisimbwa na programu hasidi, lililosimbwa ndilo linalopandishwa. Ni kweli kwamba Google Drive, na OneDrive ya mtu binafsi, huliweka faili lililofutwa kapuni kwa siku 30 kabla ya kuliondoa kabisa. Siku 30 ni chache kwa mtu anayekwenda nyanjani miezi mitatu. Hifadhi hizi zina manufaa kama nakala ya mahali pengine, mradi isiwe ndiyo ya pekee. Diski ya nje nayo ichomolewe kazi ikimalizika. Diski iliyochomekwa mwaka mzima inaonekana na programu hasidi sawasawa na diski ya ndani. Kwa mwenye uwezo, diski mbili zinazopokezana kila juma, moja nyumbani na moja ofisini, ni bora kuliko moja kubwa ya bei.

Mikasa ya taasisi

Anayedhani kwamba hofu hizi zimekuzwa atazame yaliyozikuta taasisi zenye wataalamu na bajeti. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 Makumbusho ya Taifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro yaliungua. Miongoni mwa vilivyoteketea ni hazina ya lugha za wenyeji wa nchi ile, zikiwamo rekodi za lugha ambazo hazina tena msemaji. Kwa lugha kama hiyo hakuna nyanja ya kurudia. Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa mlimani ulifika Chuo Kikuu cha Cape Town ukaiunguza Maktaba ya Jagger. Mkusanyo wa vitabu vya taaluma za Kiafrika, vipatavyo 70,000, uliteketea, pamoja na filamu zipatazo 3,500 zilizokuwa katika DVD. Hasara hizi mbili zinawahusu moja kwa moja wasomaji wa jarida kama hili, maana nyingi za rekodi za lahaja za pwani na za bara zilizoko mikononi mwa watafiti binafsi ziko katika hali ile ile ya nakala moja. Mzee aliyeghani utenzi mbele ya kinasasauti miaka ishirini iliyopita aghalabu ameshafariki.

Mkasa wa Maktaba ya Uingereza una funzo la namna nyingine. Mnamo Oktoba 2023 ilishambuliwa na wadai kikombozi, ikakataa kulipa, na orodha yake ya vitabu haikurudi mtandaoni hata Januari 2024. Ripoti yake yenyewe ilieleza kwamba nakala salama za makusanyo ya kidijitali zilikuwapo, bali hapakuwa na mitambo inayofaa ya kuzirejeshea. Akiba ilikuwapo, chungu cha kuipikia hakikuwapo. Msomi wa nyumbani hukutwa na jambo hili hili kwa kiwango chake anapokuwa na nakala ya mafaili ya programu ya zamani ambayo haipatikani tena, kama wale waliohifadhi tasnifu zao za miaka ya 1980 katika diski laini na muundo wa WordStar. Kwa sababu hiyo inafaa kila kazi kubwa ihifadhiwe pia katika muundo ulio wazi: maandishi matupu ya Unicode au PDF kwa hati, WAV kwa sauti.

Wa mwisho ni wa mwaka 1998, katika kampuni ya filamu ya Pixar huko Marekani. Mtu mmoja aliita amri ya kufuta mahali pasipostahili, na sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 ikaanza kutoweka mbele ya macho ya watazamaji. Nakala za akiba zilipotazamwa zilionekana mbovu, wala hakuna aliyekuwa amezijaribu. Filamu iliokolewa na Galyn Susman, msimamizi aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua, ambaye kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala.

Kujaribu na kulinda

Nakala isiyojaribiwa ni dhana tu. Kujaribu hakuhitaji utaalamu: mara moja kwa mwezi mtu huchagua faili moja la zamani na moja jipya katika diski ya akiba, akayafungua katika kompyuta nyingine, si katika ile yake. Rekodi isikilizwe katikati na mwishoni, kwa kuwa faili lililonakiliwa nusu huanza vizuri. Mwenye hamu ya uhakika zaidi atatumia amri ya certutil -hashfile, ambayo hulifupisha faili zima katika mfululizo wa tarakimu na herufi. Mfululizo wa faili la asili na wa nakala ukilingana, mafaili yanalingana.

Linabaki suala la haki za waliorekodiwa. Nchini Kenya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari zinazomtambulisha mtu kuwa ni data yake binafsi, na mahojiano yenye sauti, jina na kijiji cha msemaji yamo humo bila ya shaka. Kila nakala inayoongezwa ni mlango unaoongezwa. Diski ya akiba inayotoka nyumbani kwa hiyo yafaa isimbwe, ama kwa BitLocker katika matoleo ya Windows yenye huduma hiyo, ama kwa VeraCrypt ambayo haina malipo. Hapa hatari hugeuka upande wa pili, kwa sababu diski iliyosimbwa isiyo na nywila ni sawa na diski iliyofutwa, na BitLocker yaweza kudai ufunguo wa dharura baada ya badiliko la mfumo ambalo mwenyewe hakulitarajia. Ufunguo huo usiwekwe ndani ya kompyuta inayofungwa nao. Uandikwe kwenye karatasi, utiwe katika bahasha, ukae kwa mtu wa nyumbani anayeaminika au katika sefu ya idara, pamoja na maelezo ya sentensi mbili tatu juu ya diski zipi zinafunguliwa nao na rekodi za wasemaji gani zimo.